Nyumba ya fremu ya chuma Malindi: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja na nusu

Usiku wa kwanza kulala nyumba mpya, tulikuwa tumeshaswali Isha na tumejilaza tu, mama akaniita kutoka chumba cha pili. "Mwanangu, juu kuna mtu." Nami nilikuwa nimesikia. Ta! Kimya. Ta-ta! Halafu mlio mrefu wa kukwaruza, kama mtu anayeburura kiti darini. Nilitoka na tochi, nikaizunguka nyumba mara mbili. Hakukuwa na mtu, paka wala komba. Mama alisoma Ayatul Kursi, na usiku ule hakuna aliyelala vizuri.

Kiwanja chetu kiko Barani. Nyumba ya zamani ilikuwa ya mawe ya matumbawe na kenchi za mbao, na mchwa walizila zile kenchi mpaka ukiibonyeza mbao kwa kidole inaingia. Nikachagua chuma kwa sababu hiyo tu: mchwa hali chuma. Kampuni siitaji jina, maana nia yangu ni kumsaidia anayetaka kujenga. Kwa haki yao niseme kazi ilikwenda mbio. Msingi ulipokauka, fremu na paa vilisimama kwa wiki tatu, kuta pembe mraba, milango inafunga bila kusukumwa. Fremu ni za bati jembamba lililopakwa zinki, zimekunjwa umbo la C na kufungwa kwa skrubu. Ndani kuna jipsamu, nje kuna mbao za simenti, juu mabati marefu ya rangi ya damu ya mzee. Ila siku ya kuuziwa niliambiwa habari za mchwa, moto na tetemeko. Habari ya kelele hakuna aliyeitaja.

Nilipowapigia simu, jibu lilikuwa, "Mwalimu, nyumba bado mpya, itatulia." Nilisubiri miezi minne. Haikutulia. Nikaanza kuandika saa kwenye daftari, na hapo ndipo jambo lilianza kujieleza. Asubuhi milio ilianza kama saa moja na nusu, upande wa mashariki, jua linapolipiga paa. Adhuhuri kimya. Ikirudi Magharibi, iliendelea mpaka saa nne za usiku, halafu moja moja. Siku za masika ilikuwa vurugu: wingu likifunika jua kwa ghafla, paa lote linaalika kama mtu anayealisha vidole, na jua likitoka linaanza upya. Tone la kwanza la mvua kwenye bati la moto lilikuwa kama risasi. Jini hafuati jua hivyo, nikamwambia mama.

Chuma kikipata joto hurefuka. Kiasi chake kinajulikana: mita 10 za chuma zikipanda joto kwa nyuzi 10 hurefuka milimita 1.2. Mabati yangu yana mita 8. Alfajiri huwa nyuzi 25 hivi, na bati la rangi iliyokoza kwenye jua la kaskazi hufika nyuzi 60 bila shida. Piga hesabu: zaidi ya milimita 3 kila siku, kwenda na kurudi. Sikuamini mpaka nilipopanda darini alfajiri nikapiga mstari wa penseli kwenye ukingo wa bati na papi inayolibeba, mstari mmoja uliovuka zote mbili. Saa saba mchana nikapanda tena, jasho linanichuruzika. Mstari ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja kimeachana na kingine kwa unene wa njiti ya kiberiti.

Kurefuka kwenyewe hakuna kelele. Kelele inatoka pale bati linapotaka kusogea na skrubu imelibana. Linajizuia, linajizuia, nguvu inajikusanya, kisha linateleza kwa mpigo mmoja. Ndiyo hiyo ta! Tena papi iko kivulini na bati liko juani, kwa hiyo haviendi pamoja. Na ukuta wenye uwazi ndani, jipsamu huku na mbao za simenti kule, ni ngoma iliyowambwa. Mlio mdogo unatoka mkubwa. Nyumba zetu za matumbawe na chokaa zina kuta nene, joto linaingia polepole na kutoka polepole, ndiyo maana hatukukua na kelele hizi.

Mwishowe nilimpata fundi mzee wa mabati. Alipofika hakupanda paani. Aliketi barazani tangu alasiri mpaka Isha, akisikiliza. "Mwalimu, hii si kelele moja," akasema. "Ni tatu."

Ya kwanza ilikuwa ya mabati. Yalikuwa yamekazwa sawasawa juu na chini, hayana pa kwendea. Aliacha skrubu za kwenye kigongo, kule kileleni mwa paa, zibane kabisa, zilizobaki akazitoa, akatanua matundu kidogo kufuata urefu wa bati, akafunga upya kwa washa pana za mpira bila kuzikaza hadi mpira ujikunje. Kila tundu alilotanua alilipaka rangi ya zinki kwanza, kwa sababu hapa upepo wa bahari una chumvi, na chuma kilichochubuliwa kinashika kutu upesi. Fundi asiyefanya hivyo, msimamisheni. Kati ya papi na bati alilaza ukanda wa sponji ngumu.

Ya pili ilikuwa kwenye dari. Jipsamu ilikuwa imesukumwa hadi ukutani pande zote nne. Aliikata pembeni, akaacha nafasi ya kidole kidogo, na ile nafasi sasa inafichwa na urembo wa pembeni uliopigiliwa ukutani peke yake.

Ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Kile kiti kinachobururwa hakikuwa fremu hata kidogo. Ulikuwa mpira wa maji ya moto unaoshuka kutoka kwenye tangi la sola, umepitishwa kwenye matundu ya nguzo za chuma bila kitu cha kuukinga. Mpira wa plastiki hurefuka mara kadhaa zaidi ya chuma, kwa hiyo kila mtu alipooga maji ya moto ulikuwa unajikwaruza tundu baada ya tundu. Fundi alitoa tyubu kuukuu ya baiskeli mfukoni, akakata vipande vya urefu wa kidole, akauvisha mpira kila ulipopita kwenye chuma. Kazi ya nusu saa. Nilitaka kulia, nikikumbuka usiku ambao mama alikaa kitandani na tasbihi.

Kuna mlio mmoja wa kuuogopa, na ningependa kila mwenye nyumba ya namna hii aujue. Milio ya joto inafuata jua. Ukisikia mlio unaofuata upepo, kusi inapovuma kwa nguvu, au unaofuata hatua za mtu, usingoje. Kwangu ulikuwepo, kwenye pembe ya kusini. Fundi alifungua kipande cha jipsamu akakuta ukanda wa chuma wa mshazari, ule unaozuia ukuta usiyumbe, umelegea mpaka unatikisika kwa kidole. Aliukaza na kuongeza skrubu mbili. Ule ungeachwa, matundu yangeendelea kupanuka kila kusi.

Marekebisho yote yalichukua siku sita na yalinigharimu shilingi 48,000. Kampuni ilikataa kuchangia, ikasema mkataba unazungumzia nyufa na kuvuja tu. Hilo limeniuma kuliko fedha, kwa sababu nafasi ya chuma kusogea huwekwa siku ya kufunga skrubu, wala haiongezi gharama ya maana. Nawapa nyota tatu. Nyumba ni imara, haina mchwa, haina ufa, na ningejenga ya chuma tena. Ila safari hii ningesimama pale chini ya ngazi niulize: bati limeshikwa wapi, na wapi limeachwa litembee? Sufi ya kuzuia joto mnaweka ndani ya kuta, au mnaacha tupu? Mpira wa maji unapita wapi?

Kwa sasa Magharibi nasikia milio mitatu minne, midogo, kisha basi. Kabla ya kaskazi ijayo nitapaka paa rangi nyeupe lisile joto lote lile. Mvua bado inapiga kelele juu ya bati, hilo sijalipatia dawa. Mama anasema mvua niiache, hiyo anaipenda.