Nilifuma sweta mbili: moja naivaa, nyingine imekuwa foronya

Watu wa Mombasa hunicheka nikisema Nairobi kuna baridi. Waje walale Kahawa West mwezi wa Julai, ndani ya nyumba ya mawe isiyo na kitu cha kuipasha joto, mji wenyewe ukiwa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jua limeingia mitini wiki nzima. Mwaka jana nilikuwa nafanya kazi nyumbani nimejifunga leso juu ya blanketi. Ndipo nikaingiwa na wazimu wa kufuma sweta. Si ile ya shule yenye shingo ya V, la. Nilitaka ile pana, fupi kiunoni, mabega yameshuka, ambayo wasichana wa siku hizi wanaivalia jinzi.

Nimenunua vifaa mara mbili. Mara ya kwanza zilikuwa pesa za kulilia.

Niliingia duka moja katikati ya mji, nikatoka na vibumba sita vya uzi rangi ya haradali, gramu 100 kila kimoja, shilingi 220, pamoja na sindano mbili za chuma zilizonyooka, milimita 5. Muuzaji aliniapia kwamba uzi ni sufu safi. Vibumba havikuwa na karatasi yoyote ya maelezo, nami sikushtuka. Ulikuwa mwororo, ukaniteka.

Kufuma kwenyewe si kugumu kama watu wanavyodhani. Kuna mshono wa mbele na mshono wa nyuma, basi. Ukiichanganya kwa zamu unapata ule mpindo wa mistari unaovutika kama lastiki. Ukifuma mbele upande huu na nyuma upande ule unapata kitambaa laini cha kawaida. Wiki moja ya video na vidole vinazoea. Kilichoniangusha ni hesabu ya darasa la tano.

Patani, yaani maelekezo ya kufuma, niliyoifuata ilisema vitanzi 18 kwa kila sentimita 10, na kifuani kuwe na vitanzi 180. Yaani sentimita 100. Ilisema pia nifume kwanza kipande cha majaribio, nikipime kwa rula. Nikaona huko ni kupoteza uzi. Nikafuma wiki saba, vipande vinne, nikaviunganisha kwa sindano ya mkono usiku wa Jumamosi, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo. Nilikuwa nimevaa hema.

Nikampigia shosho, yaani nyanya yangu, kule Limuru. Huyu ni mtu aliyekuwa akitoka shambani na kikapu mgongoni huku anafuma njiani, hata sindano haangalii.

"Ulipima?" akaniuliza.

"Kupima nini, shosho?"

Akacheka mpaka simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Nilipohesabu vitanzi vyangu vilikuwa 16 kwa sentimita 10, kwa sababu mkono wangu ni mlegevu. Gawa 180 kwa 1.6 uone: sentimita 112 na nusu. Tofauti ya vitanzi viwili tu kwenye kipande cha kiganja, na mwilini ni sentimita 12 za ziada. Nikadhani pasi ya moto itaibana kidogo. Hapo ndipo nilipojua uzi ulikuwa wa aina gani. Sufu ya kweli huvumilia mvuke, ila akriliki ni plastiki: ilipoguswa na moto ikalegea, ikang'aa, ikaning'inia kama kitambaa cha bitana. Haikurudi tena. Kifua cha sweta ile sasa ni foronya ya kiti cha sebuleni, na kwa kazi hiyo sina malalamiko.

Mara ya pili nilikwenda soko la mtumba la Gikomba, na sikwenda kununua uzi. Nilikwenda kununua sweta kuukuu ya sufu nikaifumue.

Hapa ndipo penye utamu, mniruhusu nikae kidogo. Si kila sweta ya mtumba inafumuka. Igeuze ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona umepigwa ovaloki, nyuzi nyingi nyembamba zimepitapita ukingoni, iache hapo hapo: kitambaa kilikatwa kwa mkasi kabla ya kushonwa, kwa hiyo kila mstari umekatika na utapata vipande vya urefu wa mkono, si uzi. Unachotaka ni mshono safi unaofanana na mnyororo, ambao pande zake zimefumwa kwa umbo lake. Huo ukikata kitanzi kimoja na kuvuta, unafunguka wote kama gunia la mahindi. Sweta iliyosinyaa ikawa nzito kama blanketi la jela nayo haifai, manyoya yake yameshashikana.

Mama muuzaji alinivumilia nikageuza sweta kama kumi. Ya kumi na moja akasema, "Sista, hizo ni za kuvaa, si za kuchungulia ndani." Nikamweleza ninachotafuta. Akanishangaa, kisha akaanza kunisaidia kuchungulia. Niliondoka na sweta moja ya mwanaume mnene, kijivu cha mvua, shilingi 150. Lebo ilikuwa imekatwa. Nilipofika nyumbani nikavuta kipande cha uzi, nikakishika kwa koleo juu ya sinki na kukiwasha. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Huu ulinuka nywele zilizoungua, moto ukazima wenyewe, na majivu yakapondeka kidoleni. Sufu. Laiti ningejua kufanya hivyo na kile kibumba cha haradali.

Kuifumua kulinichukua jioni mbili. Uzi unatoka umejikunja kama tambi za pakiti, na ukiufuma hivyo hivyo kazi itakuwa na mabonde. Nilizungusha nyuzi kwenye mgongo wa kiti, nikafunga sehemu nne zisijichanganye, nikaloweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu, nikazitundika zichuruzike. Usizisugue, na usitumie maji ya moto, sufu itashikana kama rasta. Zilikauka kwa siku tatu (Julai, jamani) na mikunjo karibu yote ikanyooka. Muuza nyama wa hapa chini alinipimia kwenye mizani yake: gramu 430. Uzi wa sweta nzima kwa bei ambayo dukani haikufikia hata kibumba kimoja.

Safari hii pia nilibadilisha sindano, na kama kuna kitu ambacho ningekipa nyota tano bila kufikiri ni hiki. Ni sindano mbili fupi zilizounganishwa na waya laini, sentimita 80, kwa shilingi 750. Ghali kuliko zile zilizonyooka, lakini uzito wote wa sweta unakaa kwenye waya, mapajani, si kwenye vifundo vya mikono. Unafuma kwa mzunguko, hakuna mishono ya ubavuni ya kuunganisha. Na ndani ya matatu ya Thika Road humdungi jirani ubavuni kwa kiwiko. Zile ndefu za kwanza zilikaribia kunigombanisha na watu. Kasoro yake ni moja. Waya hutoka dukani umejiviringa na ni mkaidi. Utumbukize kwenye maji ya moto dakika moja, kisha uunyooshe.

Nikafuma kipande cha majaribio. Ndiyo, nilifuma, tena nikakifua na kukikausha kabla ya kupima, maana sufu hubadilika ikiguswa na maji. Uzi ulikuwa mwembamba nikaushika mara mbili, kwa sindano za milimita 4.5, nikapata vitanzi 20 kwa sentimita 10. Kifua changu ni 88, nikaongeza 10 za kupumulia, nikaanza hesabu zangu mwenyewe bila patani ya mtu.

Nilianzia shingoni kushuka chini, kwa mkono wa raglani, ule wenye mistari ya mshazari kutoka shingoni hadi kwapani. Jina limetokana na Lord Raglan, mwanajeshi Mwingereza aliyepoteza mkono wake vitani Waterloo mwaka 1815. Uzuri wa kuanzia juu ni kwamba unaivaa sweta ikiwa nusu, unaona inavyokukaa, unafumua mistari mitano ukipenda. Na kama uzi ni wa kubahatisha kama wangu, maliza mikono kwanza, kisha mwili uufume mpaka uzi uishe. Mimi uliniishia sentimita tatu juu ya kiuno. Watu wanadhani ni mtindo. Mipindo ya vifundoni nilimalizia na mabaki ya ile haradali, na hapo ndipo ilipopata heshima yake.

Wiki sita jumla, jioni na safarini. Inatoa joto lisilokutoa jasho, hata alasiri jua likichomoza ghafla siivui. Inawasha kidogo shingoni, kwa hiyo navaa fulana ndani. Naifua kwa mkono na kuikausha imelazwa juu ya taulo, kwa sababu ikitundikwa kwenye kamba itarefuka mpaka magotini. Akriliki siitukani moja kwa moja: kwa sweta ya mtoto anayejimwagia uji kila siku, ioshe utakavyo, haisinyai. Mimi tu niliuziwa kwa jina la kitu kingine.

Nimeanza ya tatu, ya kaka yangu, na hapo inabidi sweta mbili za mtumba kwa sababu ana mabega. Mama wa Gikomba sasa ananiwekea pembeni zenye mshono wa mnyororo, hata kabla sijafika. Juzi alinitajia shilingi 300 kwa moja ya kahawia. Nikamuuliza imekuwaje tena, si zilikuwa 150.

"Si wewe ndiye uliniambia hizi ni sufu?"