Fundi wa kusuka mota, Katwe: nimempelekea mota za pointi za treni ndogo

Baba yangu alikuwa mtu wa pointi, yaani zile sehemu za reli zinazosogea ili kuhamisha treni njia, pale stesheni ya Tororo, Uganda, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977. Tororo ndipo njia zinapoachana: enzi zile treni ikitoka Malaba, ama ilishika ya Jinja na Kampala, ama ilipanda Mbale na Soroti kuelekea Gulu na Pakwach. Stesheni hiyo naijenga upya juu ya meza katika chumba cha nyuma, mwaka wa nne huu. Nina pointi kumi na moja, zote za umeme. Reli zangu ni za kipimo cha treni ndogo kiitwacho OO, upana wa milimita 16.5, kwa hiyo anayeijua reli yetu ya mita moja ataona tofauti. Mpangilio wa njia, hata hivyo, ni ule ule aliokuwa akiuvuta baba.

Mwezi wa tatu mota tatu za pointi ziliungua ndani ya wiki mbili. Mafundi wawili wa redio waliniambia nizitupe. Kuagiza nyingine Uingereza, na nauli na ushuru juu, ni pesa ya karo. Jirani yangu aliyewahi kusukiwa pampu ya maji ndiye aliyenielekeza Katwe, Kampala, kwa fundi wa kusuka mota, yaani kuzifunga waya mpya. Ukitokea mzunguko wa Kibuye, uliza mafundi wa masufuria. Fundi wangu yuko nyuma yao, kwenye kibanda cha mabati ya buluu kilichojaa mota za vinu vya posho. Kazi hii aliisomea Kisumu, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili tangu salamu.

Mota ya pointi haizunguki. Ni koili mbili zilizolala kwenye mstari mmoja, na katikati yake kipande cha chuma kinachochezacheza. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, koili moja inakivuta chuma upande wake na ndimi za reli, vile vipande vyembamba vinavyosogea, zinahama nacho. Cha pili kinakirudisha. Koili hizo zimetengenezwa kupokea umeme kwa kufumba na kufumbua tu. Umeme ukikaa sekunde chache, moshi. Nilijiandaa kumweleza haya yote. Hakusubiri. Aliichukua mota moja, akaigeuza chini ya taa, akanusa, akaniuliza, "Mzee, nini kiliiunguza hii?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Mafundi wale wawili hawakuuliza. Yeye alikataa kusuka hata moja mpaka nimletee ubao wangu wa vitufe, nami nikarudi nao siku ya pili kwa bodaboda. Vitufe viwili vilikuwa vimenasa kwa vumbi jekundu. Ukiviachia, ndani vilikuwa bado vimegusana.

Basi alianza na ulinzi. Kutoka kwenye amplifaya mbovu alitoa kapasita, kifaa cha kuweka akiba ya umeme, ya maikrofaradi 4,700, volti 35. Aliongeza daraja la dayodi ili umeme wa transfoma yangu ya volti 16 uwe wa moja kwa moja, kisha kati ya daraja na kapasita akaweka balbu ya taa ya nyuma ya lori, volti 24, wati 5. Kapasita inajaa kupitia balbu. Nikibonyeza, inajimwaga yote kwa mpigo mmoja na pointi inaruka kwa nguvu kuliko zamani. Kitufe kikinasa, kinachopita kwenye koili ni kile kidogo tu kinachoruhusiwa na balbu, na balbu yenyewe inabaki inawaka, kwa hiyo naliona kosa nikiwa nimekaa. Duka la treni ndogo linauza kifaa cha kazi hiyo hiyo, ila si vyote vyenye taa ya kunionya.

Kwenye kusuka, hakufaulu mara ya kwanza. Koili iliyoungua aliifungua taratibu akihesabu: mizunguko 540 ya waya wa milimita 0.3. Waya huo ulikuwa umemwishia, akasuka moja kwa wa 0.25 bila kuniambia. Nyumbani pointi ilifika nusu njia, na behewa la mizigo likaanguka mbele ya jengo la stesheni. Nilipima ukinzani wa umeme: koili nzima inasoma omu 4, hii ilisoma karibu 6. Nilimrudishia, akakubali kosa papo hapo, akasuka upya bila kudai hata shilingi. Hata hivyo nilipoteza siku mbili na nauli, na siku ile nilikasirika. Pia alichelewa wiki nzima kuliko alivyoahidi, na springi moja ndogo ilipotea kwake. Malipo: shilingi 15,000 kwa koili, 40,000 kwa kile kifaa cha kapasita.

Ukienda, mpelekee na mota moja nzima awe na mfano wa kufuata, na uzifunge nyaya vitambaa vya rangi kabla hujazikata. Mwambie pia asijaribu kwa kuishikilia koili kwenye betri ya gari; niliona akitaka kufanya hivyo, nikamzuia.

Pointi zenyewe nisingempa. Kazi yake inaishia kwenye waya. Usafi wa ndimi naufanya mimi kila Jumamosi: brashi kavu kwanza, halafu kitambaa chenye spiriti mahali ndimi zinapogusa reli, kwa sababu umeme wa injini unapita hapo. Mafuta siweki, yanashika vumbi likawa tope. Panapokwama napakaza unga wa risasi ya penseli. Baba naye alikuwa anafagia kokoto kwenye ndimi kabla ya kushika mkono wa pointi, mvua au jua, na mimi nikimshikia taa.

Mota tatu zinafanya kazi mwezi wa tano sasa. Nitarudi kwake na ya pointi namba 7, ya njia ya Mbale, inayovuta kilegevu upande wa kushoto. Anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo.