Baiskeli ya kukodi ya Tanga, nimeipandisha Mombo hadi Lushoto: gia poa, breki hapana

Nianze na nyota kabisa, nawapa 2 kati ya 5, na moja hapo ni ya mzee wa Soni ambaye hata siyo mfanyakazi wao, nitamfikia.

Duka silitaji, wenyewe watajijua. Wako Tanga mjini, wanakodisha baiskeli za mtumba za gia, zile za mashindano zenye tairi nyembamba, elfu 30 kwa siku na kitambulisho unaacha. Nikapewa nyekundu, imeoshwa inang'aa balaa, dogo wa dukani ananiambia braza hiyo ni mashine. Nikailipia siku mbili maana ilibidi jioni ya kwanza niipakie kwenye buti la basi mpaka Mombo (konda akataka elfu 5 ya mzigo, tukabishana weee, nikatoa), nikalala gesti.

Saa 12 asubuhi niko barabarani. Kwa asiyeijua njia hii, Mombo iko chini kwenye joto na mkonge, Lushoto iko juu huko Usambara, kilomita kama 33, unapanda karibu mita 1,000, lami mwanzo mwisho ila nyembamba, huku ukuta wa mwamba huku korongo, na Fuso za kabichi na karoti zinashuka zinapiga honi kabla ya kona. Ukisikia honi kaa pembeni usijifanye na wewe una haki.

Kupanda baiskeli ilinibeba. Gia kubwa ya nyuma nilihesabu meno 28, ndogo ya mbele 39, kwa mapaja yangu ya kukaa ofisini ni nzito kidogo, kuna mahali kabla ya Soni tulienda sambamba na mama mmoja ana beseni la parachichi kichwani tunapiga stori kama dakika 10 hivi, yeye kwa miguu. Lakini gia zinaingia bila kugoma na cheni haikutoka hata mara moja, hapo haki yao nawapa. Siti ni mbao tupu, siisemi zaidi.

Maporomoko ya Soni unayaona kutokea barabarani, nikapiga picha, saa 4 na kitu niko Lushoto, jasho limeshageuka baridi. Baiskeli nikaiacha kwa muuza chipsi nikachukua boda mpaka Irente maana njia ile siyo ya tairi hizi. Irente Farm nikala mkate wao wa rai na jibini na jamu, nikaenda pale ukingoni, dunia yote iko chini yako, nikasema aisee, huko ndiko natakiwa nirudi.

Sasa kushuka. Wakati wa kupanda breki huzigusi, kwa hiyo hata wazo sikuwa nalo. Nimetoka Lushoto kilomita chache tu nikibana ya nyuma inalia kwaruuu, nikibana ya mbele hendeli inatetemeka, na kasi haipungui ile ya maana. Kwenye kona moja nilishusha mguu nikaburuza soli kama mtoto. Nikafika Soni naikokota.

Kuna mzee anatengeneza baiskeli pembeni ya barabara, vifaa vyake viko kwenye kopo la maziwa. Kageuza tairi mara moja, kapitisha kidole kwenye rimu, kikatoka na unga wa fedha. Kachomoa raba ya breki, kumbe raba haipo, imeisha, kilichobaki ni chuma kinakwangua rimu. Akanitazama, "Kijana wangu, hii siyo breki, hii ni filimbi." Raba nne elfu 8, ufundi elfu 2. Akanifundisha na kushuka, usibane moja kwa moja, bana achia bana achia, na kabla ya kona siyo ndani ya kona, kwa sababu rimu ikichemka sana tyubu inapasuka. Kutoka Soni mpaka Mombo ndiko kwenye makorongo yenyewe, nikashuka na mafunzo ya mzee nimetulia kabisa, kila nikisimama nagusa rimu, ya moto kama sufuria.

Kurudi dukani nilikuwa na vile vyuma mfukoni nikavimwaga mezani. Mwenye duka kaviangalia, ananiambia mbona wateja wengine hawajawahi kulalamika? Nikamuuliza huwa wanaenda nazo wapi. Eti Raskazone na kurudi. Raskazone, ufukweni, hata tuta la maana hakuna!

Alinirudishia elfu 5. Kwa hiyo ukienda ukapewa ile nyekundu, panda tu, breki zake nimelipia mimi. Zile nyingine geuza tairi uangalie raba kwanza kabla hujatoa hela.