Kilwa hamna, Quiloa imo: kitabu kipya cha Haiti kilichouzwa bila faharasa

"Ndugu mteja, tumia kitufe cha kutafuta."

Hilo ndilo jibu la mtu wa huduma kwa wateja nilipolalamika kwamba toleo la kidijitali la kitabu kipya cha kitaaluma kuhusu Mapinduzi ya Haiti halina faharasa, ile orodha ya majina na mada ya mwisho wa kitabu. Akaongeza, kama anayemwelekeza mtoto njia ya dukani, kwamba faharasa ni mambo ya zamani. Mchapishaji simtaji. Ila bei niliyolipa ni ileile ya jalada gumu, na jalada gumu faharasa linayo. Kwenye toleo la simu wameinyofoa, labda kwa kuwa kurasa hujipanga upya kila ukikuza herufi na namba zinakosa maana. Badala ya kuigeuza iwe viungo, wakaitupa.

Sasa tukitumie hicho kitufe.

Andika "Kilwa". Sifuri. Msomaji wa huku kwetu atafunga kitabu akiamini mwandishi hakuigusa pwani yetu. Kumbe kaigusa, tena kwa kurasa kadhaa, ila amefuata tahajia ya nyaraka za Wafaransa: "Quiloa". Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa waliochukuliwa na Wafaransa pwani hii waliishia Mauritius na Réunion, lakini wapo waliozungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue, koloni la Wafaransa huko Karibi, yaani Haiti ya leo. Huko wakaandikishwa "Mozambique", jina la jumla walilobandikwa watu wa pwani nzima ya mashariki. Kwa hiyo mtu aliyetoka bara ya Kilwa amefichwa chini ya maneno mawili, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Mswahili angeanza nalo. Mtengeneza faharasa anayejua kazi yake anaandika mstari mmoja tu: Kilwa (Quiloa), tazama pia Mozambique. Mstari huo unaandikwa na mtu aliyekisoma kitabu. Kitufe hakijasoma kitu.

Na si Kilwa peke yake. Mji mkubwa wa kaskazini mwa Haiti ni Cap-Français kwenye nyaraka za ukoloni, "le Cap" kwenye barua, Cap-Henry enzi za Christophe, aliyejifanya mfalme wa kaskazini hiyo, Cap-Haïtien leo. Ukitafuta "Doming" unaletewa upande wa Wafaransa na upande wa Wahispania kwa pamoja, kisiwa kizima kwenye kapu moja. Toussaint, kiongozi mkuu wa mapinduzi hayo, alianza kujiita Louverture mwaka 1793. Kabla ya hapo karatasi zinamwita Toussaint Bréda, kwa jina la shamba. Kwa hiyo ukitafuta "Louverture" unampata jenerali tu, na maisha yake yote ya nyuma yanakupita. Kuhusu "Congo" ndiyo usiseme: neno hilo lilitumika kwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika ya Kati upande wa magharibi, kisha ni ufalme, kisha ni sehemu ya jina la mtu. Matokeo ni mengi mpaka hayana faida.

Halafu alama za juu ya herufi. Gonaïves, mji ulikotangaziwa uhuru tarehe 1 Januari 1804, ukiuandika kwa i ya kawaida haupatikani. Dawa yake ni kutafuta kipande cha neno kisicho na alama: "Gona". Pia usimalizie jina zima. Andika "Sonth" kwa Sonthonax, mjumbe wa Ufaransa, au "Dessal" kwa Dessalines, aliyetangaza uhuru, maana jina lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari kwenye chapa ya karatasi limebaki limekatwa hivyohivyo humu.

Majedwali ndiyo aibu kabisa. Yamebandikwa kama picha, kwa hiyo hayatafutiki, na ukikuza yanageuka ukungu. Jedwali la kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa lilikuwa muhimu kuliko yote. Mwaka wa II ulianza 22 Septemba 1793, ila miezi yake mingi imeangukia 1794. Tarehe 16 Pluviôse, siku Bunge la Paris lilipofuta utumwa, ni 4 Februari 1794. Asiyeona jedwali ataandika 1793, na kosa hilo litamfuata mpaka kwenye tasnifu yake. Jedwali la fedha nalo limekatwa kichwa. Limebaki neno "livre" tupu, wakati livre 3 za koloni zilikuwa sawa na 2 za Ufaransa. Shamba la livre 150,000 za koloni ni 100,000 tu za Ufaransa. Kukatwa kwa kichwa cha safu kumekula theluthi ya hesabu.

Nyota moja, basi.

Au mbili. Kwa sababu, haki ya Mungu, sura ya deni la 1825 imenishika. Mfalme Charles X aliitoza Haiti faranga milioni 150 kama sharti la kuutambua uhuru wake, na sharti lilifika na manowari. Ili kulipa fungu la kwanza la milioni 30, Haiti ilikopa Paris milioni 30 na kukabidhiwa 24. Milioni 6 ziliyeyuka mezani kabla ya kutoka mlangoni. Mwaka 1838 jumla ikashushwa hadi milioni 90. Mwandishi ameipanga sura hiyo kama daftari la duka, nani kapokea nini lini, bila kupiga kelele, na ndiyo maana inauma. Kwa sura hiyo ningempa nyota tano. Yeye, si waliomchapisha.

Maana hata hapo, ukibonyeza namba ya tanbihi unapelekwa vizuri, ila ukirudi unatupwa mwanzo wa sura. Weka alamisho kwanza, ndipo ubonyeze. Kila mara. Sura ina tanbihi zaidi ya 60.

Unayetaka kununua, fungua sampuli kwanza. Nenda kwenye yaliyomo, utazame kama faharasa imetajwa na kama inafunguka. Tazama kama programu inaonyesha namba za kurasa za chapa ya karatasi. Isipoonyesha, utanukuu kwa namba ya sura tu, na msimamizi atakurudishia kazi. Gusa jedwali moja ulikuze. Usiporidhika, chukua jalada gumu. Ni zito, na gharama ya kulisafirisha inatia huzuni, lakini si mbuzi kwenye gunia.

Mimi nimeshaanza kujitengenezea faharasa, jina moja kwa kadi moja, tahajia zote pamoja, na namba ya aya badala ya ukurasa. Nimefika herufi D. Nikimaliza namtumia yule ndugu wa huduma kwa wateja, na ankara juu yake.