RTL-SDR nyumbani Mtwara: uzoefu wangu wa kurekodi redio za VHF kwa ajili ya podikasti

Nimekuwa nikitumia kifaa cha RTL-SDR, yaani kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, nyumbani kwangu Shangani, mjini Mtwara, tangu msimu uliopita wa korosho, kwa nia ya kurekodi mawasiliano ya redio za VHF (masafa yanayotumiwa na meli na ndege, miongoni mwa wengine) na kuyatengeneza kuwa vipindi vya podikasti. Kwa upande wa kunasa na kurekodi sina manung'uniko makubwa. Kwa upande wa kusambaza, anayedhani kwamba atarekodi usiku na kupandisha mtandaoni asubuhi, kama wafanyavyo wapenzi wa skana, redio za kunasia mawasiliano, kule Marekani, ni vyema asome maelezo haya kabla hajatoa pesa yake.

Kifaa chenyewe hakizidi ukubwa wa flashi nene. Kiliundwa kwa ajili ya kupokea televisheni ya kidijiti kwenye kompyuta, hadi mwaka 2012 ilipofahamika kwa wengi kwamba chipu yake ya RTL2832U inaweza kutoa mawimbi ghafi, na kazi yote ya redio ikaachiwa programu. Kinapokea kuanzia megahezi 24 hivi hadi zaidi ya 1,700, lakini kwa wakati mmoja kinaona kipande cha megahezi 2.4 tu, na hapo ndipo mnunuzi wa mji wa bandari anapopaswa kupiga hesabu. Chaneli 16 ya baharini, ambayo ni ya wito na dharura, iko kwenye megahezi 156.8, chaneli 12 na 14, zinazotumika kwa shughuli za bandari sehemu nyingi duniani, ziko kwenye 156.6 na 156.7, hivyo zote huingia katika kipande kimoja bila shida. Mawasiliano ya ndege yako kati ya megahezi 118 na 137, tena kwa AM na si FM, kwa hiyo anayetaka kufuatilia bahari na uwanja wa ndege kwa pamoja atahitaji vifaa viwili.

Antena ndogo iliyokuja ndani ya boksi inafaa kwa majaribio tu, hasa kwa sisi tunaoishi chini ya bati. Nilitengeneza yangu kwa waya wa shaba: kipande kimoja cha sentimita 46 kimesimama wima, na vingine vinne vya urefu huohuo vimeinamishwa chini yake, vyote vikiwa juu ya bomba lililofungwa ukutani. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kwa antena iliyo mita 9 juu ya usawa wa bahari na ya meli iliyo mita 25, umbali wa kusikilizana ni kama kilomita 33. Ndivyo ilivyo siku za kawaida. Jioni za kaskazi, hewa ya moto inapotulia juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi hupinda na kwenda mbali kupita hesabu hiyo, na hapo chaneli 16 hujaa Kireno kutoka upande wa Msumbiji pamoja na Kiingereza cha mabaharia wa kila taifa.

Udhaifu wake ulio wazi ni kuzidiwa na mawimbi yenye nguvu, kwa kuwa kinapima mawimbi kwa biti 8 tu, yaani kwa ngazi chache za nguvu. Vituo vya redio vya FM vilivyo karibu hupenya, na muziki husikika kwa mbali nyuma ya sauti ya nahodha. Kichujio cha kuzuia megahezi 88 hadi 108 kiliondoa tatizo hilo karibu lote, nami namshauri mnunuzi akiagize pamoja na kifaa.

Kazi ya kurekodi naifanya kwa programu ya bure iitwayo RTLSDR-Airband, inayokaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ubora wake ni kwamba inasikiliza chaneli kadhaa kwa mkupuo, inaandika faili la MP3 kwa kila chaneli, na inarekodi pale tu mtu anapozungumza, hivyo ukimya wa usiku kucha hauhifadhiwi. Kwa kilobiti 16 kwa sekunde, saa nzima ya mazungumzo haifiki megabaiti 8. Ziko kero mbili. Ya kwanza ni kizuia kelele, kinachofunga sauti hadi wimbi lenye nguvu ya kutosha lifike: kikikazwa mno humeza silabi ya kwanza, na silabi hiyo mara nyingi ndiyo jina la chombo kinachoitwa. Ya pili ni saa, maana usipobadili mipangilio, mafaili hupewa majina kwa saa za Greenwich. Faili ambalo saa yake imeandikwa 16 ni la saa 19:00 kwetu, yaani saa moja usiku, na mtu mwenye usingizi anaweza kuchanganyikiwa vilivyo.

Jambo ambalo sikuliona likielezwa popote ni kwamba chaneli 16 peke yake haina hadithi. Meli inaita, kituo kinaitika, na sekunde chache baadaye wanakubaliana kuhamia chaneli nyingine. Mazungumzo yenyewe, ya rubani wa meli atapanda saa ngapi na ngazi ishushwe ubavu gani, yako kwenye faili jingine kabisa. Kuyaunganisha kwa mpangilio ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, kunachukua muda mwingi kuliko shughuli nyingine zote.

Sasa nije kwenye kusambaza. Jirani yangu, mzee aliyestaafu unahodha, alisikiliza kipande kimoja nilichokiunganisha vizuri, akauliza, "Mwanangu, na huyu anayezungumza anajua kwamba umemrekodi?" Nikamjibu, "Hajui, mzee." Swali lake ndilo linaloulizwa na sheria. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika kifungu cha 17, zinazitaka nchi zizuie kunasa bila idhini, na pia kutangaza, mawasiliano ya redio yasiyokusudiwa kwa umma. Hapa kwetu ipo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na juu yake Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Marekani ina uhuru mpana zaidi, ndiyo maana mitandao inayorusha mawasiliano ya redio, kama Broadcastify na LiveATC, imestawi huko. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2006, hata kusikiliza tu mawasiliano yasiyokuhusu ni kosa. Kwa maoni yangu, bila idhini ya maandishi kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mazungumzo ya bandari na ya ndege si mali ya podikasti, na mawasiliano ya polisi hayaguswi kabisa.

Ninachokirusha ni redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu na si kwa biashara, ambayo haina siri. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupita juu yetu mara kadhaa kwa siku, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na wanaanga wanapozungumza na wanafunzi kupitia mpango wa ARISS sauti yao hushuka kwenye megahezi 145.8. Kipindi kizuri cha kusikika hakizidi dakika 10 au zaidi kidogo, na kwa sababu ya mwendo wa chombo masafa huanza juu kwa kilohezi 3 na kitu, kisha huteremka mbele ya macho yako kwenye skrini. Sauti hiyo, pamoja na maelezo yangu ya Kiswahili, ndiyo vipindi vyangu. Kimoja cha dakika 20 kwa kilobiti 64 hakifiki megabaiti 10, kwa hiyo hata bando dogo linatosha kukipandisha.

Nakipa kifaa nyota nne kati ya tano, na iliyopungua ni ya zile biti 8. Kwa wakazi wa pwani kama Mikindani, Lindi au Kilwa naongeza tahadhari moja: viungio vya waya vilivyo nje vifungwe kwa utepe wa mpira tangu siku ya kwanza, na vikaguliwe kila kusi inapoanza, kwa kuwa chumvi hula shaba kimyakimya na usikivu hupungua muda mrefu kabla kutu haijaonekana.