Inhela haikuwa na kosa

Nina pumu tangu utotoni, na hii inhela ya bluu, kile kikopo cha kuvuta dawa ya salbutamol kwa mdomo, nimeitukana karibu mwaka mzima. Nabonyeza mara mbili, tatu, nne, kifua kinaendelea kulia filimbi. Nikajisemea tumeuziwa hewa.

Yule binti wa duka la dawa simsahau. Nilikuwa nimetoka Bombo, hapa Uganda, kwa teksi, vumbi tupu, napumua kwa taabu. Nikamwuliza, "Dada, hii inatumiwaje?" Macho hakuyatoa kwenye simu. "Nyabo, unapuliza mdomoni, basi. Mtu mzima hata hilo hujui?" Waliosimama nyuma yangu wakacheka. Nikalipa, nikaondoka.

Nikapuliza mdomoni, kama alivyosema. Dawa ikaishia ulimini. Kiangazi kile, usiku mmoja jirani anachoma takataka, mume wangu akanipakia kwenye boda hadi kituo cha afya, maneno hayanitoki.

Nilipotulia, musawo, yaani mganga wa pale, mama wa makamo, akaniambia, "Mama, hebu nionyeshe unavyovuta." Kumbe nilikuwa sitikisi, nabonyeza kwanza, ndipo navuta kwa pupa. Akanielekeza: tikisa, toa pumzi yote, midomo ifumbe vizuri, anza kuvuta taratibu na hapo hapo ubonyeze, vuta hadi kifua kijae, zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Ngoja kama dakika moja ndipo urudie.

Mikono ilikuwa bado inatetemeka, sikuweza kupatanisha. Akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu likaenea mdomo wa inhela barabara, akazungushia plasta hewa isipenye. Nikavuta kwenye shingo ya chupa. Dawa inatua mle ndani kwanza, haigongi koo. Akasema madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa kama hiyo kwa watoto, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani cha kuvutia inhela. Mimi ushahidi wangu ni kifua changu: haikupita robo saa, filimbi ikanyamaza.

Kwa hiyo nayafuta matusi yangu yote. Dawa ni nzuri, naipa alama kamili.

Hapana, kamili siipi. Musawo aliniambia ya bluu inafungua njia ya hewa tu, uvimbe wa ndani inauacha. Anayeihitaji kila mara anatakiwa apewe na inhela ya kuzuia uvimbe huo, ya kutumia kila siku, na akishavuta asukutue mdomo. Na duka lile limeniuzia ya bluu mwezi baada ya mwezi, hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza, "Mama, mbona unarudi upesi hivi?" Hilo linanichoma kuliko kile kicheko.

Juzi nilipita pale. Mzee mmoja alikuwa ananunua ya bluu huku anahema. Nikamshika mkono, tukakaa barazani, nikamwonyesha hatua kwa hatua. Akavuta, akahesabu hadi kumi kwa vidole. Binti alikuwa anatutazama kupitia kioo. Hakusema neno, nami sikumsalimia.