LuaSocket 3.1.0: soketi za Linux na Windows kwa msimbo mmoja, na pale zinapoachana

Lua, lugha ya programu iliyozaliwa chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazil mwaka 1993, huja bila soketi, yaani njia ambayo programu hupitia kuzungumza kwenye mtandao, na si kwa kusahau. Walioitengeneza hubaki ndani ya lugha ya C sanifu, na C sanifu haijui mtandao. Pengo hilo huzibwa na LuaSocket, kiendelezi kilichoanzishwa na Diego Nehab. Hapa tunalipima toleo la 3.1.0, la mwaka 2022, kwa swali moja: programu iliyoandikwa kwenye Linux ikihamishiwa Windows, itafanya kazi ileile?

Kwa mteja wa kawaida anayeunganisha, akatuma, akasoma na kufunga, jibu ni ndiyo, bila kugusa mstari hata mmoja. Hilo si jambo dogo. Kwenye Windows soketi si namba ya faili kama ilivyo Unix. Ni lazima WSAStartup iitwe kwanza, kufunga ni kwa closesocket wala si close, na kosa halisomwi kwenye errno bali kwa WSAGetLastError. LuaSocket imezitenga tofauti hizi katika faili mbili, usocket.c na wsocket.c, na sehemu nyingine za C kwa kiasi kikubwa hazijui ziko kwenye mfumo upi. Makosa ya kila siku nayo hurudi kwa maneno yaleyale kote: "timeout", "closed", "connection refused".

Kazi nzuri kuliko zote imefichika kwenye UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuunganisha kwanza. Ukituma pakiti kwenye poti isiyo na msikilizaji, Windows hukuletea kosa 10054 mara utakapojaribu kupokea, hata kama unachosubiri kinatoka kwa mtu mwingine kabisa. Seva isiyojua hili huanguka kwa kosa la mteja aliyekwisha kuondoka. LuaSocket hulitambua kosa hilo na kujaribu kupokea tena. Ni mistari michache tu, lakini aliyeiandika aliijua Windows vizuri.

Upande wa Unix, kuandika kwenye muunganisho uliokwisha kufungwa huleta ishara ya SIGPIPE, nayo huua programu nzima. LuaSocket huizima ishara hiyo pindi inapopakiwa. Kama umeipachika Lua ndani ya programu yako ya C, kumbuka kwamba imezimwa kwa mchakato wote, si kwa Lua peke yake.

Kusakinisha kwenye Debian au Ubuntu ni apt install lua-socket, au luarocks install luasocket ukiwa na gcc na kifurushi cha liblua5.4-dev. Kwenye Windows hapo ndipo watu hukwama. Kompaila iwe ya familia ileile iliyojenga Lua yako, MSVC au MinGW, na biti zilingane. DLL (faili ya maktaba ya Windows) ya biti 32 ikipakiwa na Lua ya biti 64, Windows hulalamika kuwa faili si programu halali ya Win32, na ujumbe huo haumwelekezi mtu popote. Ukijenga kwa mkono, usisahau kuunganisha ws2_32, maktaba ya soketi ya Windows. Kisha hakiki:

lua -e "s=require'socket' print(s._VERSION, s._SETSIZE)"

Namba ya pili ndiyo ya kutazama kwa makini. Kwa kawaida Linux hutoa 1024 na Windows 64, lakini namba hizi hazipimi kitu kimoja. Kwenye Windows ni idadi ya soketi unazoweza kuzikabidhi katika orodha moja kwa socket.select, fanksheni inayongoja soketi nyingi kwa pamoja. Kwenye Linux ni kikomo cha namba ya faili yenyewe: soketi iliyopewa namba 1024 itakataliwa hata kama unasubiri tatu tu, mathalani programu ikiwa imefungua faili nyingi. LuaSocket hutoa kosa la wazi, "too many sockets" au "descriptor too large for set size", badala ya kuharibu kumbukumbu kimyakimya, na kwa hilo inastahili pongezi. Seva yenye wateja mamia lakini ijengwe juu ya luv, kiendelezi cha Lua kinachotumia libuv (maktaba ya C ya kuhudumia miunganisho mingi), sio socket.select.

Sasa kasoro tunayoiona kubwa. Fanksheni ya socket.bind huwasha "reuseaddr" yenyewe, bila kuulizwa. Kwenye Linux ni sawa kabisa: seva ikizimwa na kuwashwa tena haingoji miunganisho ya zamani iishe. Kwenye Windows jina ni lilelile, maana ni nyingine: programu mbili zinaruhusiwa kushika poti moja kwa wakati mmoja. Washa nakala mbili za seva yako kwenye poti 8080. Kwenye Linux, nakala ya pili itapata "address already in use". Kwenye Windows, nakala zote mbili zitakubaliwa, na hakuna anayejua mteja ataangukia ipi. Tiba ni kuiacha fanksheni hiyo unapokuwa Windows:

local s = assert(socket.tcp4())
assert(s:bind("0.0.0.0", 8080))
assert(s:listen(32))

Kasoro ya pili iko kwenye kuunganisha bila kusubiri. Ukiweka settimeout(0) kisha connect, unapata "timeout", halafu unangoja kwa socket.select soketi iwe tayari kuandikwa. Kwenye Linux, kuunganisha kukishindikana soketi huamka. Windows huripoti kushindwa huko katika orodha ya tatu ya select, ile ya hali zisizo za kawaida, na socket.select haiipitishi orodha hiyo. Utangoja bure. Kwa hiyo weka kikomo cha muda kwenye select, kisha ita connect tena usome jibu. Na ukiita tena kwenye Windows, "already connected" maana yake umefanikiwa, si kosa. Msimbo wa Copas, maktaba ya Lua ya kuhudumia miunganisho mingi juu ya LuaSocket, unalishughulikia hilo waziwazi, na unafaa kuigwa.

Usijaribu pia kusubiri kibodi na soketi pamoja kwenye Windows, kwa sababu select ya huko hupokea soketi tu. Moduli ya socket.unix, ya soketi za ndani ya mashine moja, nayo haijengwi huko.

Jambo dogo linalosumbua: socket.bind("*", 8080) husikiliza IPv4 pekee. Mteja wa Windows akiandika "localhost" huenda akajaribu ::1, anwani ya IPv6 ya kompyuta yenyewe, kwanza, na kwa kuwa Windows hurudia jaribio hata baada ya kukataliwa, kila muunganisho huchelewa sekunde moja hadi mbili. Andika "127.0.0.1", ucheleweshaji unatoweka.

Na kwenye mifumo yote, settimeout haigusi utafutaji wa jina. DNS, huduma inayogeuza jina kuwa anwani, ikiwa nzito, connect("mfano.com", 80) itaganda hata ukiwa umeweka sekunde 2. Tafuta anwani mara moja programu inapoanza kwa socket.dns.toip, uihifadhi, kisha uunganishe kwa namba.